Tupeane uzoefu: uliwahi kusaidia kikundi cha kijijini kudai haki yao?

Mkulima_Moro: Wakuu, jana akina mama wa kikundi cha hapa kitongojini wamerudi kutoka ofisi ya kijiji kimya kabisa. Nimekumbuka mbali. Mliowahi kuwa wasaidizi wa kisheria, kwenu palikwama wapi?

BintiRuvu: Baraza la ardhi la kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka wajumbe 7, wanawake wasipungue 3. Kwetu walikuwepo, ila kazi yao ilikuwa kuchemsha chai.

MzeeJembe: Mimi hadi leo nikishika karatasi ya mahudhurio moyo unanienda mbio. Tuliendesha semina ya siku 2, haki ya mwanamke kumiliki ardhi. Watu 63 wakasaini, nakala nikamwachia mtendaji. Baadaye tunakuta vigingi kwenye eneo la malisho. Kuuliza, tunatolewa muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ulioridhia apewe mwekezaji. Nyuma imebanwa karatasi yangu, kichwa chenye jina la semina kimekatwa! Bibi mmoja akaona dole gumba lake, akaniambia, "Mwanangu, hiki ndicho ulichotujia?" Nilikosa jibu. Kilichotuokoa ni mstari wa 41: jina la dereva wetu, ambaye hata si mkazi wa pale.

BintiRuvu: Nimesisimka mwili. Pole sana mzee.

Kaka_Tabata: Tatizo posho. Ukigawa hela, watu watasaini chochote.

MamaWawili: Kaka, mama aliyeacha kibarua siku nzima unataka ale nini? Nauli ni haki yake!

Kaka_Tabata: Nimesema posho, sijasema nauli. Soma vizuri.

Msaidizi12: Turudi kwenye mada. Kifungu cha 8 cha sheria hiyo ya vijiji, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu uridhie. Ndiyo maana saini zinatafutwa. Andikeni jina la semina kila ukurasa, nafasi zilizobaki zipigwe mstari.

Mkulima_Moro: Mimi naona bora msisainishe kabisa.

Msaidizi12: Na mfadhili utamwonyesha nini?

MamaWawili: Kila mshiriki apige picha karatasi kabla haijaondoka. Simu zipo.

BintiRuvu: Mzee, yule bibi je?

MzeeJembe: Yupo. Karatasi yoyote nikimpelekea, anamwita mjukuu aisome kwa sauti kwanza. Hata yangu.