Kuna watu hawafai kukaribishwa chai wenzao wakisoma kitabu

Binti Uyole (mleta uzi):

Wakuu, naandika mkono unatetemeka, na si baridi ya Uyole, ingawa mwezi huu wa saba inakata masikio. Ni hasira tupu.

Huyu mtu mnamjua. Simtaji, lakini ukitamka "yule anayejua mwisho wa kila kitu", kuanzia Mafiati mpaka Mwanjelwa shingo zote zinageukia kwake. Akikuta watu wanaangalia mpira wa marudio, anataja mabao kabla hajakaa.

Sasa sikilizeni. Kwetu tumezaliwa mabinti wanne, mimi ndiye wa kwanza. Baba anaendesha lori, anavuka Tunduma, tunamwona mara moja kwa mwezi akijaliwa. Kwenye vitabu vya mtumba nikapata Little Women, cha yule Mmarekani Louisa May Alcott, cha mwaka 1868, jalada limeshikwa kwa gundi. Mabinti wanne, baba yuko vitani, mama anahangaika nao. Mdogo wetu wa mwisho, ana miaka 11, nilipomaliza kumsomea ukurasa wa kwanza akaniuliza, "Dada, aliyeandika alitujuaje?"

Tangu hapo kila usiku ni sura moja. Nasoma Kiingereza kimoyomoyo, natoa Kiswahili kwa sauti, tumezunguka jiko la mkaa, mama anachambua maharage. Walishajigawia watu. Wa pili ni Jo, kwa mdomo wake. Wa tatu ni Amy, anakataa huku analia, na kulia kwenyewe ndiko kunamfanya awe Amy. Wa mwisho ni Beth, yule mpole mwenye kuuguza midoli iliyovunjika. Mdogo wangu naye ana mdoli wa gunzi la mahindi, kamfunga kitambaa kichwani, mdoli anaumwa tangu mwezi wa tano.

Jana tukafika Beth anapougua. Alikwenda kwa wale majirani maskini, akapakata mtoto mchanga mwenye homa ya vipele vyekundu, mtoto akamfia mapajani, na homa ikampata yeye. Mama yao hayupo, yuko Washington kwa baba mgonjwa. Wanakesha. Theluji nje. Alfajiri homa inashuka, Beth analala usingizi wa mtu mzima wa afya, na mama anaingia mlangoni.

Mdogo wangu akapiga makofi. Mama akasema "asante Mungu", ngumi imejaa maharage.

Na huyo bwana, aliyekuja kuazima pampu ya baiskeli akakaribishwa chai kwa heshima zote, akachovya kiazi kwenye kikombe, akakitia mdomoni, na kiazi kikiwa mdomoni akasema: "Si anakufa huyo baadaye."

Kiazi kiko mdomoni, wakuu! Hakumeza kwanza! Mtu anaua binti wa watu na shavu limevimba kiazi!

Na kitabu hajakisoma, aliona filamu. Nilipomwambia ameharibu akanijibu, "Kitabu cha watoto tu, unapandisha presha ya nini?" Ndiyo, cha watoto. Na mtoto alikuwa amekaa pale, hatua mbili kutoka kwenye hicho kiazi.

Mdogo wangu hakulia, heri angelia. Alichukua kitabu mkononi mwangu, akavua mpira wake wa nywele, akazifunga kurasa zote zilizobaki. "Dada, tuishie hapa alipopona."

Nimelala saa tisa usiku. Kiazi!

Mkazi wa Kihesa:

Kamwene. Mleta uzi, kiazi kimetajwa mara nyingi kuliko mgonjwa. Uzi bila picha ya kiazi ni batili.

Sina Haraka:

Kitabu kina miaka zaidi ya 150, dada. Mlitaka jamaa akae na siri mpaka lini?

Binti Uyole:

@Sina Haraka, kwa mtoto wa miaka 11 kina wiki tatu. Kwa hiyo wewe ndiye uliyekuja kwetu jana?

Mwalimu Mstaafu:

Mwanangu, mpe mdogo wako pole na umwambie hivi. Kilichotoka 1868 ni sehemu ya kwanza peke yake, na Beth anaishia akiwa hai. Sehemu ya pili ilitoka 1869. Kwa hiyo mtoto ameufunga mpira karibu kabisa na mahali wasomaji wa kwanza walipoachwa. Hajakosea hata kidogo. Wale walisubiri kwa kukosa kitabu, yeye anasubiri kwa hiari yake. Na huyo Beth mwandishi hakumtoa hewani. Nao walizaliwa mabinti wanne, na mdogo wake Elizabeth alifariki 1858, miaka kumi kabla ya kitabu. Anayesema "si anakufa huyo" huku anatafuna, anamsema mdogo wa mtu.

Binti Uyole:

Shikamoo Mwalimu. Hapa sasa ndiyo nalia.

Mama Wawili Mafinga:

Mnahangaika na Beth wakati Amy yupo! Mtoto kanyimwa kwenda kwenye maonyesho, kachukua daftari la hadithi za Jo, kazi ya miaka, katia motoni. Motoni! Halafu mama anamwambia Jo asamehe kabla jua halijazama. Mimi ningesamehe jua la mwaka unaofuata.

Dereva Bajaji Kabwe:

Afadhali moto. Mdogo wangu aliuza madaftari yangu ya kidato cha nne kwa kilo. Mwezi uliofuata nimenunua karanga stendi, nafungua karatasi nakuta mwandiko wangu, mchoro wa moyo wa binadamu, na alama ya vema ya mwalimu. Nikazila karanga zote nikiusoma moyo wangu mwenyewe. Mpaka leo hajaomba radhi.

Mkazi wa Kihesa:

😂😂 Usiulize swali la moyo lilikuwa na alama ngapi.

Tukuyu Mvua:

Kinachoniuma mimi ni Jo kumkataa Laurie, kijana wa watu, jirani, ana mali na adabu, halafu Laurie huyohuyo anakwenda kumwoa Amy, mchoma daftari! Wasomaji walimwandikia mwandishi wakimtaka amwoze Jo kwa Laurie, akagoma. Mwanamke mgumu yule.

Binti Uyole:

WEWE NAWE!!! Hapo hatujafika!!! Wa pili wetu amesoma hiki ulichoandika, amekaa hapa ubavuni mwangu, ameingia ndani kabamiza mlango!

Tukuyu Mvua:

Aa, samahani dada. Nilidhani mpira umeshafungwa.

Sina Haraka:

Angalau huyu hakuwa na kiazi mdomoni.

Mzee wa Isyonje:

Nimefuata uzi tangu mwanzo nina swali moja. Hicho kiazi kilichemshwa na maganda? Kiazi cha kuchovya kwenye chai bila kumeguka lazima kitoke huku kwetu.

Njombe Baridi:

Mzee tulia. Kiazi ni Njombe. Hivyo vyenu vikionja maji vinakuwa uji.

Mzee wa Isyonje:

Uji ni wa nyanya zenu mnazoita viazi. Mama wa mleta uzi ananunua wapi?

Binti Uyole:

Vya Isyonje, anapimiwa Uyole hapahapa. Lakini jamani, mdogo wangu…

Mzee wa Isyonje:

NILISEMA!

Njombe Baridi:

Bora mseme pia mnavyowauzia madalali lumbesa. Gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, nyie mnalishonea kofia mpaka linafanana na mjamzito wa mapacha.

Mzee wa Isyonje:

Nani anashona kofia? Dalali anakuja na kofia yake, sindano yake na kamba yake! Mkulima nalima, nanunua mbolea, napalilia na mvua mgongoni, yeye anasimama barabarani anasema bila kofia hapakii. Wiki iliyopita nimejaza magunia kumi, yamepanda gari yakiwa saba. Matatu yako wapi? Yako kwenye kofia!

Dereva Bajaji Kabwe:

Kweli kabisa. Na anayebeba hiyo lumbesa mgongoni je? Kuna kijana pale Mwanjelwa kiuno kimekwisha.

Mama Wawili Mafinga:

Mzee wa Isyonje, ukileta Mafinga nauziwa sado shilingi ngapi? Isiyo na udongo chini.

Mzee wa Isyonje:

Mama, njoo pembeni tuzungumze.