Mrejesho: Tela lililokuwa likiyumba nyuma ya Hilux

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini tela langu la ekseli moja, lenye uzito wa kilo 1,200 pamoja na mzigo, lilikuwa likiyumba kulia na kushoto kila nilipofikisha kilomita 80 kwa saa. Wengi mlinielekeza nipime uzito unaokandamiza mpira wa kuvutia (kile kichwa cha chuma cha duara nyuma ya gari ambapo tela hufungwa), kwani unapaswa kuwa takribani asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela. Niliazima mizani ya kupimia mahindi, nikaweka gogo juu yake, kisha nikashusha mdomo wa tela (ncha yake ya mbele inayofungwa kwenye mpira huo) taratibu: kilo 45 tu! Mashine ya kusaga ilikuwa imefungwa nyuma kabisa ya ekseli. Niliisogeza mbele hadi mizani ikasoma kilo 130, kisha nikapishanisha minyororo ya usalama chini ya mdomo.

Juzi nilivuta mzigo uleule kutoka Mikumi hadi Iringa, na mlima Kitonga niliupanda kwa gia namba mbili huku tela likiwa limetulia kabisa. Aliyenishauri kwamba likianza kuyumba niachie mafuta taratibu badala ya kukanyaga breki kwa nguvu, ninamshukuru kwa dhati, kwa sababu nilikuwa nikifanya kinyume chake.