Gumzo la ukoo: kazi ya kuosha mapipa huko Portland

Elia: Shikamooni wazazi wangu. Huko Marangu ni Jumapili asubuhi na huku Portland, Marekani, ni saa tatu usiku wa Jumamosi, nami nimesubiri saa hii makusudi ili niwapate kabla hamjaenda ibadani. Kile kiwanda kidogo cha bia nilichokwenda kujaribiwa kazi kimenijibu: wananitaka nianze Jumatatu ya wiki ijayo, kuosha mapipa na kusafisha matangi, kwa dola 19 kwa saa. Kule bohari ninalipwa dola 24. Ninataka kuikubali, lakini tofauti hiyo inagusa ada ya chuo ninayomlipia ndugu yetu Upendo, kwa hiyo sitaki kuamua peke yangu.

Mama: Marahaba mwanangu. Bibi yako yupo hapa jikoni, nami nitamsomea kila mtakachoandika, maana miwani yake imevunjika.

Dada Neema: Kaka, sikufichi kwamba nimeshtuka. Umefikaje mahali pa kuacha kazi yenye mshahara mzuri ukaoshe mapipa? Tulidhani kupika bia nyumbani ni jambo la kujiburudisha mwisho wa wiki.

Elia: Lilianza hivyo, Neema, lakini huu ni mwaka wa nne sasa. Kila Jumamosi alfajiri ninapasha maji, ninaloweka kimea cha shayiri kilichosagwa katika joto la nyuzi 66 kwa muda wa saa moja ili wanga ugeuke sukari, kisha ninachuja ile togwa tamu, ninaichemsha saa moja nyingine pamoja na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, ninaipoza haraka hadi nyuzi 20 na kuitia hamira. Hupata lita 19 kwa mpiko mmoja. Mwaka wa kwanza nilitia bia kwenye chupa kabla haijamaliza kuchacha, nikazipanga kabatini chini ya makoti, na saa nane usiku chupa ya kwanza ikapasuka, ikafuatiwa na nyingine tano. Vipande vya kioo vilikuwa vimejichoma kwenye koti langu la baridi hadi upande wa pili. Tangu usiku ule sijatia bia kwenye chupa bila kupima uzito wake kwa siku tatu mfululizo na kuona kwamba haushuki tena, yaani hamira imemaliza kula sukari. Hapo ndipo nilipotambua kwamba ninataka kuijua kazi hii kikamilifu, si kuibahatisha.

Baba Mdogo: Elia, mimi nina swali la mtu wa kijijini. Bibi yako alipika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, akasomesha watoto saba. Kwa nini wewe usiuze hiyo bia yako hapo hapo nyumbani, ukabaki na kazi yako ya bohari?

Elia: Baba Mdogo, sheria hairuhusu. Hapa Marekani kupika bia nyumbani kuliruhusiwa na sheria ya nchi aliyoisaini Rais Jimmy Carter mwezi Oktoba 1978, nayo ilianza kutumika Februari 1979. Mtu mzima anayeishi peke yake anaweza kupika galoni 100 kwa mwaka, ambazo ni kama lita 380, na nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi inaweza kupika mara mbili ya hizo, ila ni kwa kunywa na kugawia marafiki. Kuuza hata chupa moja kunahitaji leseni ya kiwanda, nami sina mtaji wa kiwanda. Lakini sheria hiyo ndiyo iliyowafungulia watu wa aina yangu mlango. Ken Grossman, aliyeanzisha kiwanda cha bia cha Sierra Nevada kule Chico, California, alikuwa mpika bia wa nyumbani mwenye duka la vifaa vya kupikia bia, na mwaka 1980 alianza kupika akitumia vyombo vya chuma alivyovinunua kwenye viwanda vya maziwa.

Dada Neema: Huyo alianza wakati viwanda vidogo vya bia vilikuwa vya kuhesabu kwa vidole. Nimesoma kwamba mwaka 2024 viwanda vidogo vya bia vilivyofungwa huko Marekani vilikuwa vingi kuliko vilivyofunguliwa. Unaingia wakati wengine wanatoka.

Elia: Ni kweli, na hapa Portland nimeona milango ikifungwa kwenye mitaa ninayopita kila siku. Siwezi kukwambia kwamba hiki hakitafungwa. Ninachojua ni kwamba ujuzi wa kutunza hamira na matangi utabaki kwangu hata wakifunga.

Shangazi: Mwanangu, nimekaa kimya kwa sababu sikutaka kuivunja furaha yako, lakini nisiposema leo nitakuwa nimekudanganya. Kaka yetu mkubwa, baba yako mkubwa, tulimzika akiwa na miaka 44, na sote tunajua ni pombe iliyomla ini. Mimi ndiye niliyekuwa nikimbadilishia shuka hospitalini. Sasa wewe, mwenye akili na mikono mizuri, unataka mkono wako uwe ndani ya kitu kile kile.

Elia: Shangazi, nimesoma ujumbe wako mara tatu kabla ya kujibu. Sijamsahau Baba Mkubwa, na nilikuwa darasa la sita tulipomzika. Sitakuambia kwamba bia haina madhara, kwa sababu ina madhara, nami mwenyewe nimejiwekea kiasi ambacho sikivuki. Ninachopenda ni ile kazi: kuona nafaka ikigeuka togwa, na togwa ikigeuka kitu kingine kwa sababu ya vijidudu visivyoonekana, na kwamba ukikosea usafi kidogo tu, wiki tatu za kazi zinamwagwa. Ikiwa hilo halikuridhishi, ninalielewa, wala sitakuomba uridhike.

Shangazi: Nimekusikia. Nitakuombea wewe kila siku kama ninavyofanya. Kazi hiyo siwezi kuiombea.

Mama: Bibi anauliza kama ni kweli kwamba katika hayo matangi kuna hewa inayoua. Neema ndiye aliyemwambia, na mimi pia limenitia hofu.

Elia: Ni kweli, Mama, na ndilo jambo la kwanza nililoonyeshwa siku ya kujaribiwa. Bia inapochacha hutoa kaboni dioksidi, hewa isiyoonekana na iliyo nzito kuliko hewa ya kawaida, ambayo hutuama chini ya tangi. Mtu akiingia humo huanguka kabla hajaita. Kwa hiyo haruhusiwi yeyote kuingia tangini bila kupima hewa kwa kifaa na bila mwenzake kusimama nje. Matangi tunayaosha tukiwa nje, kwa magadi makali ya moto yanayozungushwa na pampu, nasi huvaa miwani, glavu ndefu na buti za mpira. Msimamizi aliniambia kwamba katika kazi hii sehemu kubwa ya siku ni kusafisha, kupika ni sehemu ndogo, na kwamba asiyependa kusafisha huondoka mwezi wa kwanza.

Baba Mdogo: Hapo amesema ukweli. Nilikuwa fundi wa pampu katika kiwanda cha bia kwa miaka 18, na wapishi wazuri niliowafahamu wote walianzia kwenye mipira ya maji na brashi. Hao walifanya mitihani ya Institute of Brewing and Distilling, taasisi ya upikaji bia ya London, ile ile ambayo watu wa viwanda vya Afrika hufanya, na cheti chake kinatambulika hata ukirudi nyumbani. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: kubali, lakini kabla ya Jumatatu omba waandike kwamba baada ya miezi sita utahamishiwa kwenye vyumba vya kuchachushia, na uliza kama watachangia ada ya mtihani. Wakikataa kuandika, angalau utajua unaingia mahali pa namna gani. Bima ya afya je?

Elia: Bima ipo, inaanza baada ya siku 60. La miezi sita sikulifikiria kabisa, Baba Mdogo. Nitawaandikia kesho asubuhi.

Dada Neema: Basi kuhusu Upendo, mimi nitalipa muhula huu wote, na muhula ujao tutagawana nusu kwa nusu. Sijasema kwamba nimekubaliana na wewe. Nimesema tu kwamba ada isiwe sababu ya kukuzuia.

Elia: Asante sana, dada yangu. Sina neno linalotosha.

Mama: Bibi anataka kujua kile kikombe cha karatasi ulichotutumia picha yake, chenye alama, kilikuwa cha nini.

Elia: Hiyo ni karatasi ya majaji, Mama, ambayo nilikuwa nimeiegemeza kwenye kikombe. Nilipeleka kwenye mashindano ya chama chetu cha wapika bia wa nyumbani bia niliyoipika kwa ulezi na ndizi mbivu, nikimfuata Bibi ninavyomkumbuka, ingawa gome la msesewe sikulipata huku nikatumia hopsi kuleta uchungu. Nilipata alama 34 kati ya 50. Jaji aliandika kwamba uchachu wake ni mzuri ila ina harufu ya siagi. Harufu hiyo huletwa na hamira yenyewe wakati inapochachusha, na hamira hiyo hiyo huifyonza tena ikiachwa siku mbili tatu zaidi. Mimi niliipoza mapema kwa sababu tarehe ya mashindano ilikuwa inanikimbiza.

Mama: Bibi amecheka kidogo. Anasema uliitoa pombe kabla haijalala. Pia anauliza machicha huwa mnayapeleka wapi.

Elia: Kuna mkulima anayekuja na gari Jumanne na Ijumaa kuyachukua kwa ajili ya ng'ombe wake.

Mama: Hilo limempendeza kuliko yote.

Elia: Mwulizeni jambo moja kabla sijalala. Ulezi wangu niliununua dukani kwa Wahindi ukiwa mzima, nikauloweka siku moja ili uote uwe kimea na kuufunika kwa taulo lenye maji, lakini siku ya tatu ulishika ukungu na kunuka. Nilikosea wapi?

Mama: Anauliza uliugeuza mara ngapi.

Elia: Sikuugeuza. Nilidhani ukiguswa mizizi itakatika.

Mama: Anasema ulezi unaoota huwa una joto kama mtoto mwenye homa. Asubuhi na jioni ingiza mkono hadi katikati ya rundo, na ukiona ni moto, utandaze upoe, unyunyizie maji, kisha uurundike tena. Anasema pia usiutie kwenye taulo lililofuliwa kwa sabuni yenye manukato, tumia gunia. Ngoja, ameomba simu anataka kukusalimia mwenyewe, nakupigia sasa hivi.