Barua pepe za kiwanda zinarudi, eti IP haina PTR. Zoni nimeshatengeneza, nakosea wapi?

MtuWaIgogo:
Wakuu habari za jioni. Niko Mwanza, mimi ndiye mtu wa kompyuta kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Tuna kompyuta kama 60 na seva mbili: Windows Server inayobeba DNS (daftari la majina ya mtandao) na DHCP (inayogawa IP kwa kompyuta), na Linux ya barua pepe. Tangu wiki iliyopita barua tunazotuma kwa wenye Gmail zinarudi na kosa 550-5.7.25, kwamba IP inayotuma, yaani namba ya seva yetu mtandaoni, haina rekodi ya PTR, ile inayosema IP hiyo ni ya jina gani. Bosi kanikaba koo, mnunuzi wa Ubelgiji anasubiri nyaraka na mzigo ushaondoka.

Nimekesha siku mbili. Nimefungua zoni ya kinyume (sehemu ya DNS ya kutafuta jina kwa IP) kwenye Windows Server, nikaandika PTR ya IP yetu ya nje. Nikijaribu nslookup hapa ofisini jina linakuja safi kabisa. Barua bado zinarudi. Naombeni msaada.

Kamba_ya_Faiba:
Lete kwanza mapanki (mabaki ya sangara baada ya kutoa minofu) ndio tuongee.

DadaSeva:
Pole kaka. Hujakosea kuandika, ila umeandika kwenye daftari lisilo lako. Jina kwenda IP, anayeamua ni mwenye domeini. IP kwenda jina, anayeamua ni mwenye IP, na wewe hiyo IP umepanga tu.

Chukua mfano 203.0.113.25. Anayetafuta jina lake anaigeuza nyuma mbele, inakuwa 25.113.0.203.in-addr.arpa, kisha anaulizia kuanzia juu. Kwa IP za Afrika atapita kwa AFRINIC, wagawaji wa IP za bara hili, nao watamwelekeza kwa mtoa huduma aliyegawiwa fungu hilo. Jibu linatoka huko. Seva yako haiulizwi na mtu isipokuwa kompyuta zako mwenyewe, ndiyo maana ofisini unaona safi. Ifute hiyo zoni ya IP ya nje, itakudanganya kila siku. Ukipima, uliza kupitia 8.8.8.8, DNS ya Google.

Waandikie mtoa huduma wenu: IP hii, jina hili. Na hilo jina liwe na rekodi A (ya jina kwenda IP) inayorudi kwenye IP ileile. Google wanaangalia pande zote mbili, na tangu Februari 2024 wanamdai hivyo kila anayetuma.

Mzee_wa_Swichi:
Mwangaluka. Dada kamaliza ya nje. Ila kijana, zoni ya ndani usiiache. Tengeneza ya IP zako za ndani, zile za 192.168, na DHCP iruhusu iandike PTR yenyewe kompyuta inapopewa IP. Siku kirusi kikiingia, logi itakwambia ni mashine ya stoo au ya uhasibu, badala ya namba tupu unazozifukuzia jengo zima. Na kama SSH (ya kuingia kwenye seva kwa mbali) kwenye Linux yako inasuasua kabla ya kuomba nywila, chanzo kinaweza kuwa hicho hicho: seva inasubiri jina lisilokuja.

MtuWaIgogo:
Mzee umejuaje kuhusu SSH? Nilidhani ni mtandao mbovu.

Mrejesho: mtoa huduma kanizungusha siku nne. Wa mapokezi alidhani nataka kubadilisha nywila ya Wi-Fi. Leo wameweka, lakini barua bado zinagoma. Amri ya kuulizia jina la IP, dig -x, inanipa kitu kirefu hivi (jina na IP nimebadilisha): mail.jinaletu.co.tz.113.0.203.in-addr.arpa

DadaSeva:
Hahaha, nukta! Wamesahau nukta mwishoni mwa jina. Bila nukta, seva inaliona jina halijakamilika, inaligandishia mkia wa zoni. Waambie waandike mail.jinaletu.co.tz. pamoja na hiyo nukta. Wakishaweka usihangaike kupima kila dakika, jibu la zamani linaweza kukaa kwenye kumbukumbu za seva nyingine mpaka muda wake uishe.

MtuWaIgogo:
Imekubali tangu saa nne asubuhi. Mbelgiji kajibu, sasa analalamikia bei, hiyo si kazi yangu. Kamba_ya_Faiba, mapanki yako soko la samaki la Mwaloni, nauli jitegemee.