Vipimo vya majitaka vimepita, mbona kibwawa cha bata kinanuka kila Jumatatu?

DadaMafunjo, Morogoro

Habari zenu wakuu. Naomba msaada, nimefika mahali silali.

Nasimamia usafi na maji kwenye bustani ya mapumziko huku Morogoro. Tuna matundu 14 ya vyoo, jiko la chipsi na nyama choma, na bwawa la kuogelea. Majitaka yanaingia kwenye septiki ya vyumba vitatu, halafu yanapita kwenye kitanda cha kokoto tulichopanda mafunjo, yanamalizikia kwenye kibwawa cha bata. Kinachofurika kinaingia kijito kinachoshuka Ngerengere.

Kila miezi mitatu tunapeleka sampuli maabara. Jibu la mwisho BOD (oksijeni ambayo vijidudu wanaitumia kuozesha uchafu uliomo majini) ilikuwa miligramu 24 kwa lita, na TZS 860, kiwango cha Tanzania cha majitaka, inaruhusu hadi 30. Bosi akiona hiyo karatasi anasema mambo safi. Lakini kila Jumatatu asubuhi kibwawa kinanuka yai viza, maji meusi, na mwezi huu nimeokota perege 11 wanaelea. Kule mwanzo wa kitanda maji yamesimama juu ya kokoto, yanateleza kama mlenda. Na watoto wanachezea pale pale pembeni, wengine wanatumbukiza miguu. Hao ndio wanaoninyima usingizi.

Nakosea wapi?

Kijana_Kibaha

Dada, tafuta unga wa bakteria, mwaga chooni kila wiki. Kwetu gesti harufu ilikwisha.

MzeeWaMaabara

Unga acha kwanza. Mwanangu, nijibu matatu: sampuli mnachukua siku gani? Kinasa mafuta cha jikoni kinasafishwa lini? Na bwawa la kuogelea mkisafisha kichujio, yale maji ya bakwoshi, yanayosukumwa kinyumenyume kuosha kichujio, yanakwenda wapi?

DadaMafunjo

Shikamoo mzee. Sampuli ni Jumatano saa nne asubuhi, ndiyo siku gari linakwenda mjini. Kinasa mafuta kila mwisho wa mwezi. Bakwoshi tunafanya Jumapili jioni wageni wakishaondoka, maji yanaingia chemba ya vyoo.

MzeeWaMaabara

Marahaba. Basi tumeshaukamata.

Kitanda kisicho na kasoro kinakaa na maji siku tatu hadi tano, na maji hayaonekani: yanapita chini, sentimita tano hadi kumi kutoka uso wa kokoto. Chako kimeziba mdomoni. Huo mlenda ni mafuta ya jikoni na tope la septiki. Kwa hiyo maji hayapiti tena kwenye mizizi, yanatambaa juu na kufika kibwawani usiku ule ule. Ukichota Jumatano, unapima maji ya Jumanne, siku ambayo mna wageni wawili watatu. Uchafu wa Jumapili umeshapita zamani. Karatasi yako haisemi uongo, inakujibu habari ya siku nyingine.

Halafu bakwoshi. Dakika kumi zinaweza kusukuma lita 2,000 kwa mkupuo mmoja. Watu wanaiogopa klorini, lakini hiyo inaliwa upesi na uchafu wenyewe. Kinachoumiza ni mkupuo: unalikoroga tope lililokwisha kutulia na kulirusha mpaka kwenye kokoto. Tena jioni ile ile ambayo septiki imejaa kuliko siku zote za wiki! Itengeni. Wekeni tangi la wazi, maji yakae juani siku mbili tatu, kisha mwagilieni nyasi.

Kinasa mafuta kisafishwe kila Ijumaa na kila Jumatatu. Piteni na mti kwenye septiki mpime tope. Likifika theluthi ya kina, iteni gari la kunyonya. Mita moja ya mwanzo ya kitanda chimbueni, osheni kokoto, rudisheni.

Perege wanakufa alfajiri, si mchana. Mchana mwani unatoa oksijeni, usiku kila kiumbe kinaivuta. Ukipima oksijeni saa nane mchana utafurahi bure. Pima saa kumi na mbili asubuhi.

La watoto usingoje. BOD haihesabu vimelea. Hiyo TZS 860 yenyewe inaruhusu koliformu, bakteria wa kuashiria kinyesi, 10,000 kwa mililita 100, na hicho ni kiwango cha maji ya kumwaga, hakikuwekwa kwa ajili ya mtoto kuchezea. Jenga uzio wiki hii.

Msafiri_Langata

Niko Nairobi. Naongeza moja tu kuhusu jikoni. Pale Splash, bustani ya michezo ya maji karibu na mkahawa wa Carnivore, walijenga mfumo kama wako mwaka 1994: kitanda cha kokoto, kisha mabwawa matatu yanayofuatana, yote nusu hekta. Walipopima, BOD iliingia ikiwa zaidi ya 1,600 ikatoka karibu 15. Hebu itazame hiyo 1,600! Maji ya nyumbani kwa kawaida hayafiki hapo. Maji ya mkahawa ni mazito mno, na anayeujenga mfumo kwa kuhesabu vyoo peke yake atazibiwa tu.

DadaMafunjo

Ni mimi tena, wiki ya tano. Nilichota Jumapili saa moja usiku, chupa nikaiweka kwenye barafu, nikaipeleka maabara Jumatatu mapema: BOD 88. Nikaiweka mezani kwa bosi pamoja na ile 24. Aliziangalia muda mrefu, akauliza tangi la bakwoshi ni bei gani.

Tangi limefungwa. Kwenye septiki tope lilikuwa limevuka nusu, gari limekuja mara mbili. Kokoto tumeosha vijana wanne kwa siku tatu, mafunjo tumeyarudisha na yameanza kuchipua. Jumatatu hii harufu ilikuwepo, ila mpaka uiname. Nimeomba sampuli za Jumapili ziwe kila mwezi na waongeze kipimo cha koliformu.

Uzio ulikuwa wa kwanza, mzee, kabla ya yote. Wavu wa mita moja na nusu, na geti lina kufuli. Ufunguo ninao mimi.

MzeeWaMaabara

Vizuri sana mwanangu. Mvua za masika zikianza, angalia maji ya paa la jiko yasiingie chemba. Ukipata jibu la koliformu liandike hapa.