Mjadala: Programu ikijikokota, tukompaili fanksheni au tubadili mbinu?

Wakuu, tunaotatua milinganyo tofautishi (inayoeleza kitu kinavyobadilika kadiri muda unavyokwenda) kwa Python wengi tunatumia odeint au solve_ivp, vitatuzi vya SciPy, maktaba ya hesabu za kisayansi. Ukilalamika kwamba zinachelewa, jibu ni lilelile: weka Numba, maktaba ya kukompaili, kisha kompaili fanksheni yako (yaani igeuze iwe lugha ya mashine), yamekwisha. Mimi nalikubali nusu.

Ndani ya odeint kuna LSODA, kitatuzi kilichoandikwa awali kwa Fortran katika mkusanyiko wa ODEPACK, na kasi yake haina shida. Shida ni kwamba kila mara inabidi irudi kuiuliza fanksheni yako ya Python mabadiliko ya sasa ni kiasi gani. Modeli ya SEIR, ya kuenea kwa ugonjwa, ina milinganyo minne yenye hesabu nyepesi tu, kwa hiyo muda mwingi unaliwa na kule kuitana. Ukiirudia mara 10,000 kutafuta vigezo, kukompaili kunalipa. Ila @njit, amri ya Numba ya kukompaili fanksheni, peke yake haimalizi kazi, maana SciPy bado inapitia Python. Maktaba ya NumbaLSODA hupokea anwani ya fanksheni iliyokompailiwa kwa cfunc, amri nyingine ya Numba, na Python inakaa pembeni.

Sasa chukua mfano wa kemia wa Robertson, 1966: viwango vya mmenyuko ni 0.04, 10⁴ na 3×10⁷, yaani kimoja ni cha polepole na vingine ni vya kasi mno. RK45, mbinu ambayo solve_ivp hutumia usipochagua nyingine, italazimika kupiga hatua ndogo mno hadi mwisho. Kompaili utakavyo, bado utasubiri. Andika method="BDF", mbinu inayofaa milinganyo ya namna hii, na hata Python tupu inamaliza upesi. Ndiyo maana nasema tazama sol.nfev kwanza, yaani idadi ya mara fanksheni ilizoitwa: ikiwa fanksheni imeitwa mara nyingi kupita kiasi, mbinu ndiyo mbovu.

Karibuni mnipinge.

MCHANGIAJI: Mkuu, mnajitesa. Nendeni kwenye lugha ya Julia, fanksheni inakompailiwa yenyewe na vitatuzi viko tele.

MLETA MADA: Kwa kazi mpya, sina ubishi. Lakini mwenye msimbo wa miaka ndani ya Python, pamoja na wanafunzi wanaousoma, umwambie aandike upya kwa sababu ya fanksheni moja ya mistari sita?

MCHANGIAJI WA PILI: Na mwenye modeli kama ya Robertson anayeirudia mara 10,000?

MLETA MADA: Huyo anahitaji vyote viwili. Aanze na BDF, kisha akompaili.