Programu ya kuhamishia nyimbo kwenye simu inanifutia nyimbo zangu mwenyewe!!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo nasema.

Nyimbo zangu ziko kwenye kompyuta. Kuna CD nilizonunua kwa hela yangu na kanda za mzee nilizozihamisha moja moja: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, taarabu za Unguja. Ninachotaka ni ziingie kwenye simu, basi. Nachomeka waya, programu inafunguka, halafu inaniuliza kistaarabu kabisa: simu hii imeshaunganishwa na maktaba nyingine, je, ufute kila kitu uanze upya? Maktaba nyingine gani? Ni kompyuta yangu ya zamani iliyokufa! Simu yangu, nyimbo zangu, ila kwa sheria yao simu inakubali kompyuta moja tu. Ukikataa, huhamishi kitu. Ukikubali, inafagia zote, na zile zilizobaki kwenye simu peke yake ndiyo kwaheri, maana nyimbo zinatoka kompyuta kwenda simu, kurudi haziruhusiwi.

Haya, nikakubali. Sasa fungua simu uone vituko. Nina albamu moja ya zilipendwa, bendi kumi na kitu ndani. Kwenye simu imesambaratika, kila wimbo umekuwa albamu yake, eti kwa sababu sehemu ya "msanii wa albamu" ilikuwa tupu. Zile za kanda nilizohifadhi kwa WAV (faili za sauti zisizobanwa, ambazo mara nyingi hazibebi jina la msanii) ndiyo usiseme, zote zimerundikwa chini ya "Msanii asiyejulikana". Yaani mzee alitunza kanda miaka yote hiyo, leo bendi zake hazijulikani!

Bado. Kuna kiboksi kule chini kinachopunguza ubora wa nyimbo hadi 128 kbps (kiasi cha data ya sauti kwa sekunde, kikipungua ubora unashuka) ili zienee. Mimi sikukitiki. Wimbo wa dakika nne wa 320 kbps una karibu MB 10, kwenye simu naukuta haufiki hata MB 4. Besi imekufa, magitaa yanalia kama yako ndani ya debe.

Na wale wa "lipia muziki wa mtandaoni kila mwezi", bando mtaninunulia nyie? Hizo taarabu zenyewe nusu hazipo huko.

Mwenye programu inayonakili nyimbo bila kufuta wala kubana aiweke hapa. Na asije mtu kuniambia nizime simu niwashe.